Jeni ya HMOX1, mtoto mwenye sikoseli, na unga wa "kuamsha jeni"

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mzaliwa wa Kyela, nimeolewa Njombe. Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka saba, ana sikoseli (SS, yaani amerithi jeni ya sikoseli kwa baba na kwa mama). Mdogo ana miaka minne, alipimwa akaonekana ni AS, yaani amerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu. Baridi ya Juni ikianza tu, mkubwa anashikwa na maumivu ya miguu na mgongo, na macho yake ni ya njano karibu mwaka mzima. Tukienda likizo kwa bibi yao Kyela, mdogo hata akikutwa na malaria hazidiwi. Juzi mama mmoja wa kikundi chetu kaleta dawa ya unga. Anasema inaamsha jeni inayoitwa HMOX1, ndiyo inayowalinda watu wa AS, na nikimpa mkubwa maumivu yatakwisha na macho yatakuwa meupe. Jeni hiyo ipo kweli? Nimpe? Na Desemba tukienda Kyela nifanyeje? Ndaga fijo (asante sana).

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa kuuguza. Usimpe hiyo dawa. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mwenye mtoto anayelia usiku kucha hawezi kusubiri maelezo marefu. Lakini maelezo yenyewe nayo nimeyafanya marefu makusudi, maana aliyekuletea unga huo hakukosea kwa kila alichosema. Jeni ya HMOX1 ipo. Kila binadamu anayo. Ni kweli ina mkono katika namna mwili wenye AS unavyoistahimili malaria, na ni kweli imechunguzwa sana kuhusiana na sikoseli. Mambo yaliharibika pale alipotoka kwenye "jeni ipo" akarukia "basi tumia unga". Huenda na yeye kauziwa maneno hayohayo, kwa hiyo usigombane naye. Mpe haya asome.

Kuna jambo moja ambalo peke yake lingetosha kukuonyesha kwamba mwenye dawa haijui jeni anayoitangaza. Kasema jeni ikiamka, macho ya mtoto yatakuwa meupe. Mama, ile njano unayoiona kwenye macho ya mwanao inatengenezwa na kazi ya jeni hiyohiyo. Ukiizidishia kazi, njano haina sababu ya kupungua.

Tuanze na damu. Wekundu wa damu unatokana na hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Katika kila hemoglobini moja mna vipande vinne vidogo viitwavyo hemu, na katikati ya kila hemu pana atomi moja ya madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachoishika oksijeni. Hemu ikiwa imetulia mahali pake ndani ya hemoglobini, tunaishi. Ikichomoka ikazurura yenyewe kwenye damu, inachubua kuta za mishipa, inachochea uvimbe na kuzalisha kemikali kali zinazoharibu mafuta na protini za seli. Kaa la moto likiwa jikoni linaivisha ugali. Likidondokea mkekani linaunguza nyumba.

Sasa, chembe nyekundu za mtu asiye na sikoseli huishi siku 120 hivi. Zikizeeka, seli walaji zilizoko kwenye bandama na ini huzimeza. Ina maana kila siku karibu asilimia moja ya chembe zetu nyekundu inavunjwa, na hemu yote iliyokuwamo inapaswa kushughulikiwa. Hapo ndipo HMOX1 inapoingia. Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 22 na ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo hemu oksijenesi-1, kwa kifupi HO-1. Ni protini ndogo ya asidi amino 288, na ni kimeng'enya, yaani kazi yake ni kuendesha badiliko moja la kikemikali: kuipasua hemu. Waliokieleza kimeng'enya hiki kwa mara ya kwanza, mwaka 1968 huko Marekani, ni Raimo Tenhunen, Harvey Marver na Rudi Schmid.

Hemu ikipasuliwa hutoa vitu vitatu. Cha kwanza ni biliverdini, yenye rangi ya kijani, ambayo mara moja hugeuzwa na kimeng'enya kingine kuwa bilirubini ya njano. Cha pili ni chuma. Cha tatu ni gesi ya kaboni monoksaidi, kwa kiasi kidogo sana. Nikuombe uvikumbuke vyote vitatu, kwa sababu faida na madhara ya jeni hii vinazunguka hapo.

Badiliko hilo unaweza kuliona kwa macho bila maabara. Mtoto akijigonga na damu ikavilia chini ya ngozi, angalia sehemu ambayo ngozi yake ni nyepesi, kama kiganja au unyayo. Siku ya kwanza pana zambarau iliyokoza au weusi. Baada ya siku kadhaa pembeni panaanza ukijani, kisha panageuka njano inayofifia mpaka ipotee. Zambarau ni damu iliyomwagika. Kijani ni hemu iliyokwisha pasuliwa na HO-1. Njano ni bilirubini. Seli walaji zimefika pale, zimeamsha HMOX1 na kufanya usafi hatua kwa hatua. Huwa nawaonyesha wanafunzi alama ya namna hiyo kabla sijawachorea chochote ubaoni, na nikimaliza hakuna anayeuliza tena kimeng'enya hiki kinafanya nini.

Chuma kinachopatikana hakitupwi. Kila siku mwili hurudisha miligramu 20 hadi 25 za chuma kutoka kwenye chembe zilizovunjwa, wakati chakula kinatuingizia miligramu moja au mbili tu. Kwa hiyo chuma kilichomo kwenye damu yako leo karibu chote kimeshapitia mikono ya HO-1, tena zaidi ya mara moja.

Umuhimu wake ulionekana wazi mwaka 1999, madaktari wa Japani walipoandika habari za mvulana wa miaka sita aliyezaliwa bila HO-1 inayofanya kazi, mgonjwa wa kwanza wa aina hiyo kujulikana. Alikuwa amedumaa, ana upungufu wa damu, chembe zake nyekundu zinapasuka ovyo, kuta za mishipa yake zimeharibika na chuma kimejikusanya kwenye ini na figo. Nami kila nikiisoma taarifa ile nasimama kwenye jambo moja: damu ilikuwa inavunjika kwa wingi, lakini bilirubini yake ilikuwa chini. Hakuwa na njano iliyotarajiwa. Hemu ilibaki nzima kwenye damu, inaunguza.

Linganisha na mwanao. Chembe nyekundu za mtoto wa SS haziishi siku 120, bali siku 10 hadi 20 hivi. Herufi moja tu ya jeni ya hemoglobini imebadilika, na matokeo yake ni asidi amino moja kuchukua nafasi ya nyingine. Hemoglobini ikikosa oksijeni inajipanga nyuzinyuzi, chembe inajikunja kama mundu, inakuwa ngumu na kupasuka. Hemu inamwagika kila saa. Zipo protini kwenye damu zenye kazi ya kuidaka hemoglobini na hemu iliyochomoka, lakini kwa mtoto wa SS zimekwisha kutumika karibu zote. Mzigo unaobaki unaiangukia HO-1. Macho yake ni ya njano kwa sababu HO-1 inafanya kazi usiku na mchana. Jeni hiyo haijalala, mama. Wagonjwa wa sikoseli wamepimwa, na protini hii imekutwa juu kwenye figo zao na kwenye seli za kuta za mishipa.

Basi njano ya kila siku, isiyobadilika, kwa mtoto wa SS anayecheza na kula, peke yake isikutie hofu. Ikutie hofu pale inapokoza ghafla kuliko ulivyoizoea, au inapokuja na homa, maumivu ya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, choo cheupe au mkojo wa kahawia. Bilirubini ikiwa nyingi miaka mingi huganda ikawa mawe kwenye mfuko wa nyongo, na watoto wa sikoseli huyapata mapema. Pia anaweza kupata ugonjwa wa ini kama mtoto mwingine yeyote. Mabadiliko hayo yanataka hospitali, na kipimo cha picha ya tumbo.

Sasa hili neno "kuamsha". HMOX1 ni miongoni mwa jeni za dhiki ya seli. Katika viungo vingi hutulia kimya seli ikiwa salama; seli ikipata msukosuko, inaanza kutoa protini kwa wingi. Kinachoituliza ni protini iitwayo BACH1, ambayo hukaa juu ya sehemu ya kuwashia ya jeni. Hemu ikizidi ndani ya seli inajishika kwenye BACH1, BACH1 inaachia, na protini nyingine, NRF2, inachukua nafasi na kuiwasha. NRF2 yenyewe huachiliwa seli inapodhurika na kemikali kali. Utaratibu mzuri sana: takataka zenyewe ndizo zinazomwita mfagiaji.

Lakini hebu tazama orodha ya vitu vinavyoiamsha. Mwaka 1989 Stephen Keyse na Rex Tyrrell walikuwa wakichunguza seli za ngozi ya binadamu zilizoumizwa. Kwa muda watafiti walikuwa wanaona protini moja inayojitokeza kwa nguvu seli zikipata dhiki, hawajui ni ipi. Wao wakaonyesha kwamba ni HO-1. Na walichotumia kuziumiza seli hizo ni miale ya jua ya urujuanimno, haidrojeni peroksaidi, na sumu ya aseniki. Kadmiamu nayo, madini mazito yenye sumu, huiamsha kweli kweli. Kwa hiyo mtu akikwambia "dawa yangu inaamsha HMOX1", hata kama ni kweli, bado hajakwambia chochote kuhusu usalama wake. Unga uliochanganyika na aseniki utaiamsha vizuri kuliko kitu chochote cha sokoni Mwanjelwa.

Najua atakujibu kwamba ndani kuna manjano, hii binzari tunayopikia, na kwamba imethibitishwa. Kemikali iliyomo kwenye manjano, kurkumini, kweli iliamsha HO-1 kwenye seli zilizooteshwa maabara. Ukiila, utumbo unafyonza kidogo mno na ini linaivunja upesi. Manjano kwenye mchuzi wa mtoto hayana shida, endelea nayo. Mchanganyiko usiojulikana wa unga kwenye kopo lisilo na maandishi, kwa mtoto ambaye ini na figo zake tayari zinabeba mzigo, ni habari nyingine. Baadhi ya unga wa aina hii huongezwa madini ya chuma kwa jina la "kuongeza damu". Mtoto wa SS, hasa aliyewahi kuongezewa damu mara kadhaa, chuma kinaweza kuwa kimejaa mwilini tayari, na upungufu wake wa damu hautokani na kukosa chuma. Usimpe chuma mpaka apimwe.

Nimefika kwa mwanao mdogo, yule wa AS, na hapa ndipo sayansi inapopendeza.

Kwamba AS hulinda dhidi ya malaria kali tumejua tangu 1954, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipochapisha ushahidi wake kutoka Afrika Mashariki. Ulinzi huo ni mkubwa: hatari ya malaria kali inapungua kwa karibu asilimia 90. Sababu ziko kadhaa. Vimelea havistawi vizuri ndani ya chembe zenye hemoglobini ya AS oksijeni ikiwa kidogo, na chembe zenye vimelea hazishikamani sana na kuta za mishipa. HMOX1 ni sababu ya ziada, na ilifukuliwa Ureno na kundi la Miguel Soares katika Taasisi ya Gulbenkian, wakachapisha mwaka 2011. Walitumia panya waliowekewa hemoglobini ya binadamu ya aina hiyo. Kwa panya hao, hemu kidogo ilikuwa inavuja muda wote, kiasi cha kuiweka HMOX1 macho bila kuleta ugonjwa. Malaria ilipoingia, kaboni monoksaidi kidogo iliyokuwa inazalishwa ilijishika kwenye hemoglobini na kuizuia isiachie hemu zaidi. Panya hawakupata malaria ya ubongo. Walipopunguziwa jeni ya Hmox1, ulinzi ule ukapotea.

Sikiliza vizuri sehemu inayofuata, maana inakuhusu Desemba. Idadi ya vimelea kwenye damu ya panya wale waliolindwa haikupungua. Walikuwa na malaria kama wenzao, ila miili yao iliistahimili. Ndiyo maana mdogo "hata akikutwa na malaria hazidiwi". Anaugua, kipimo kinaonyesha, anaweza kuwaambukiza mbu. AS haifukuzi malaria.

Sasa swali la haki ambalo mzazi yeyote angeuliza: kama HO-1 kidogo inamsaidia mdogo, kwa nini nyingi isimsaidie mkubwa? Watafiti wamejiuliza hivyohivyo, na sitakuficha kwamba yapo majibu ya kutia moyo. Mwaka 2006 kundi la John Belcher huko Marekani lilionyesha kwamba panya wenye sikoseli wakiongezewa HO-1 kuziba kwa mishipa yao kunapungua, na wakizuiliwa HO-1 kunaongezeka. Na kwa watoto pia kuna dalili. Kabla ya jeni ya HMOX1, kwenye sehemu yake ya kuwashia, pana herufi mbili za vinasaba, G na T, zinazojirudiarudia. Wengine wamerithi marudio mafupi, wengine marefu. Yakiwa mafupi, jeni huitika kwa nguvu zaidi. Utafiti wa Marekani wa 2012 uliona kwamba watoto wa sikoseli wenye marudio mafupi walilazwa mara chache zaidi kwa lile tatizo baya la kifua linaloambatana na sikoseli.

Mwaka huohuo, 2012, ukatoka utafiti wa Gambia kuhusu watoto wenye malaria. Huko marudio mafupi, yaleyale yaliyoonekana mazuri Marekani, yalikutwa zaidi kwa watoto waliozidiwa na malaria, na kiasi cha HO-1 kwenye damu yao kilikuwa juu. Jeni moja, tofauti ileile ya kurithi, mahali pamoja inasaidia na pengine inaambatana na hatari. Mtu akiniuliza jambo gani moja alijue kuhusu HMOX1, namwambia hili.

Na si hilo tu. Tunajua siku nyingi kwamba mtoto mwenye malaria hushambuliwa kirahisi na bakteria wa salmonela, wanaoingia kwenye damu na kuua. Aubrey Cunnington na wenzake walieleza mwaka huohuo jinsi inavyotokea kwa panya. Chembe nyekundu zikipasuka, hemu na HO-1 vinavuruga ukomavu wa chembe nyeupe zinazoua bakteria. Zinatoka kwenye uboho zikiwa changa, zinawameza salmonela lakini haziwezi kuwaua, na bakteria wanajificha humohumo. Walipoizuia hemu oksijenesi kwa dawa, panya walirudishiwa uwezo wa kupambana. Sasa, ni mtoto gani anayeongoza kwa kuingiliwa na salmonela kwenye damu na kwenye mifupa? Mtoto wa sikoseli. Kwa akili yangu ya udaktari, huyo ndiye mtoto wa mwisho ambaye ningemzidishia HO-1 kwa unga wa kubahatisha.

Yapo mengine nitayapita haraka. Kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha mapafu HO-1 hupanda kwenye damu na kushuka wanapotibiwa, na wadudu wa TB wanaijua kaboni monoksaidi hiyo na huitumia kama ishara ya kujilaza wakisubiri. Baadhi ya saratani huiamsha HMOX1 kwa nguvu na kujikinga nayo dhidi ya dawa. Kwa hiyo kuna maabara zinazotafuta dawa za kuiongeza na nyingine zinazotafuta dawa za kuizima, na zote zina hoja. Hospitali hazipimi marudio ya HMOX1 ili kuamua matibabu ya mtoto wa sikoseli, basi akitokea mtu wa kukutoza hela kwa kipimo hicho, mkatalie.

Maumivu ya mkubwa ndiyo yaliyokufanya uandike, nami nisikuache na sayansi mikononi. Ipo dawa iliyothibitishwa, inaitwa haidroksiurea. Inaamsha jeni kweli, ila nyingine: inaurudisha mwili kutengeneza hemoglobini ya uchanga, ile ambayo sote tulizaliwa nayo, na hiyo haijikunji. Utafiti wa REACH, uliochapishwa 2019, ulifanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto zaidi ya 600 wa SS. Walipotumia haidroksiurea maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Watoto wa Kiafrika, kwenye mazingira ya malaria kama yetu. Kama mwanao hajaanzishiwa, uliza kliniki ya sikoseli kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa; wakishindwa wakupe rufaa ya kuja Mbeya. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe, na kiwango kinapangwa kwa uzito wa mtoto. Usikubali kuinunua dukani bila kipimo. Mkiwa huko ulizeni pia foliki asidi, chanjo ya nimonia, na dawa ya kumkinga na malaria.

Kuhusu baridi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na Juni na Julai baridi inabana mishipa ya mikono na miguu. Damu inapita polepole, oksijeni inatumika ikaisha njiani, chembe zinajikunja na kuziba. Ndiyo sababu maumivu yanakuja na msimu. Mvalishe soksi na suruali ya ndani hata akiwa kitandani, aoge maji ya moto tena mchana jua likiwa kali, asikae na sweta lililolowa akitoka shule. Watoto wengi wakati wa baridi hawanywi maji kwa sababu hawasikii kiu. Mpe uji mwepesi, chai au maji ya uvuguvugu mara nyingi. Ongea na mwalimu wake amruhusu kwenda chooni anapoomba, maana figo za mtoto wa SS hazibani mkojo vizuri, na mtoto anayekatazwa hujizuia kunywa.

Na nakusihi jambo moja ambalo mwenzio anaweza kukushauri kwa nia njema. Usiingize jiko la mkaa chumbani anakolala ili kumpa joto. Nimesema HO-1 hutoa kaboni monoksaidi kidogo. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi hiyohiyo kwa wingi, haina harufu, na inainyang'anya oksijeni nafasi yake kwenye hemoglobini. Kila msimu wa baridi nyanda hizi za juu tunazika watu kwa ajili hiyo. Pasha chumba moto kabla hajalala, toa jiko nje, fungua dirisha dakika chache, kisha mfunike mablanketi. Maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitenge yanatosha kuweka miguuni.

Akishikwa na maumivu, mpe parasetamo au dawa uliyoandikiwa kliniki mapema, usisubiri alie, na maji mengi. Joto likifika nyuzi 38.5, akipumua kwa shida au kifua kikimuuma, akilegea upande mmoja wa mwili au kushindwa kuongea, akipauka ghafla huku tumbo la kushoto likivimba, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Haya, Desemba. Watoto wako wote wawili wamekulia Njombe, ambako malaria ni kidogo sana, kwa hiyo miili yao haijaizoea kama ya binamu zao waliozaliwa Kyela. Unawashusha kutoka mita 2,000 mpaka karibu mita 500, kwenye joto, mashamba ya mpunga na mbu. Wengi hudhani wa SS analindwa maradufu kwa kuwa ana "sikoseli mbili". Ni kinyume kabisa. Malaria ikimpata inapasua chembe ambazo tayari hazitoshi, na damu inaweza kuisha ndani ya siku moja au mbili. Huyo ndiye wa kupewa dawa ya kinga, na ianzishwe kwa maelekezo ya kliniki kabla hamjasafiri. Wote wawili walale kwenye chandarua chenye dawa kuanzia usiku wa kwanza. Ubebe vyenu, usitegemee vya kwa bibi. Basi likisimama Makambako au Uyole, mkubwa anywe maji na anyooshe miguu.

Ukifika, ulizia zahanati ya karibu yenye kipimo cha malaria, na mwoneshe bibi yao jinsi ya kuipapasa bandama ya mkubwa chini ya mbavu za kushoto, aijue ikoje akiwa mzima. Kadi ya kliniki ikae mahali ambapo bibi ataiona hata wewe ukiwa umekwenda shambani. Mdogo akipata homa naye apimwe siku hiyohiyo na amalize dawa mseto yote. Huo unga, kama bado uko nyumbani, upeleke na kopo lake kliniki Njombe siku utakayokwenda kuulizia haidroksiurea, na uwaambie kama mkubwa alishauonja.